Lami ya Kutokea

—Na pua ya gari la Mtukufu imo jikoni kwetu! Jamani! Wallahi vile, imo jikoni, kabendera kake kanapepea juu ya sufuria la pilau, na Mama kasimama na mwiko mkononi hajui apige saluti au akoroge!

Ngojeni nivute pumzi. Nimeanzia katikati. Ndivyo nilivyo, hata chuoni mwalimu wangu wa Uhusiano wa Umma alikuwa ananiambia, "Salha, wewe habari inakutoka kabla haijatokea." Basi narudi nyuma kidogo, ingawa kwetu kurudi nyuma ni kosa, na mtaona kwa nini.

Nchi yetu mnaijua. Jina silitaji kwa sababu kwa sasa liko kwenye matengenezo. Ni nchi nzuri, yenye serikali sikivu, ina masikio kila kona. Na ina barabara bora kuliko nchi zote, ushahidi ukiwa kwamba Mtukufu Kiongozi wetu hajawahi kuona hata shimo moja. Akitaka kwenda mahali, lami inatandikwa mbele yake. Akishapita inakunjwa, inapakiwa kwenye malori, inazungushwa vichochoroni, inatandikwa tena mbele. Kwa hiyo popote anapotazama, lami. Wageni wanatucheka. Wivu tu. Nchi gani nyingine ina lami isiyochakazwa na wananchi?

Tena Mtukufu harudi nyuma. Hiyo si kauli mbiu, ni sheria, iko kwenye katiba, karibu na kile kifungu cha haki za raia ambacho nacho kiko kwenye matengenezo pamoja na jina. Magari yake yote yameng'olewa gia ya rivasi ili dereva asije akashawishika.

Sisi tunaishi nyuma ya Kasri lake. Geti letu linatazamana na geti lake la nyuma, heshima kubwa sana. Kwenye bustani ya Kasri kuna chemchemi inarusha maji juu mchana kutwa kwa ajili ya amani. Maji yakishamaliza kazi ya amani yanapita chini ya ukuta, yanavuka barabara, yanaingia kwetu. Ndiyo maana ua wetu, kuanzia getini mpaka barazani, ni tope masika na kiangazi. Hatujawahi kulalamika. Nani analalamikia maji ya Kasri? Watu wengine hawana hata ya kunywa.

Shida ilikuwa Bibi.

Bibi yangu, Bibi Nunu, alivunjika nyonga, akapata kiti cha magurudumu, na hicho kiti kikigusa lile tope kinazama kama kimeitwa. Basi tangu apate kiti hajatoka nje ya baraza. Anakaa pale, anasikiliza redio, anawazodoa wapita njia. Alivumilia hivyo mpaka habari ilipoingia: Bi Shawana anaolewa!

Bi Shawana ni shoga yake tangu wote wana matiti ya kusimama. Mjane. Meno ya mbele yameshaaga. Anaolewa Jumamosi na Mzee Hemedi muuza kahawa. Na somo wake, wa kumfunda na kumkabidhi, ni nani? Nani mwingine!

"Mke mwenzangu," Bibi akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "mimi nilimfunda Shawana ndoa ya kwanza. Nikamfunda ya pili. Hii ya mwisho afundwe na nani, redio?"

"Bibi, umri ule, kwani bado kuna la kumfunda?"

"Mshenzi wewe. Kuna la kumkumbusha."

"Basi Jumamosi tutakubeba tukutoe mpaka barabarani, bajaji ikuchukue."

Akanitazama mpaka nikaona aibu. "Mimi gunia? Somo habebwi, Salha. Somo anaingia. Nisipotoka humu kwa kiti changu, na mgongo wangu umenyooka, sitoki. Na Shawana atakwenda kwa mumewe kama barua isiyo na stempu."

Mama akaona hapo hamna mchezo. Akaenda kumtafuta mkandarasi wa kututandikia lami, toka barazani mpaka getini.

*

Alikuja Injinia Mkomwa. Kofia ya plastiki kichwani, nyingine kwapani kwa ajili ya mgeni rasmi endapo atatokea, miwani ya jua, na rula ndefu ambayo sikuona akiilaza popote. Akasimama pembeni mwa tope letu, akalitikisia kichwa kwa heshima.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Unatandika au hutandiki?"

"Taratibu kwanza, Bibi. Nani anakuja?"

"Hakuna anayekuja," Mama akasema. "Huyu mama yangu ndiye anataka kutoka."

Injinia akavua miwani. "Kutoka?"

"Kutoka. Kwenda harusini."

Jamani, ningekuwa na kamera! Mtu mzima alikaa chini juu ya ndoo. "Mama," akasema pole pole, "mimi nimetandika lami ya kufungua daraja. Nimetandika ya kufunga semina. Nimetandika ya Mtukufu kwenda kumpa pole twiga. Zote za kuja. Lami ya kutokea sijawahi kuisikia. Sisi kwenye fani kwanza tunauliza nani anakuja, ndipo tunajua vipimo. Ya Waziri ni nyembamba. Ya Naibu Waziri haifiki mlangoni, kile kipande cha mwisho anaruka mwenyewe. Sasa ya bibi anayetoka naipimaje?"

"Nipime mimi nilivyo," Bibi akasema. "Au unataka nisimame?"

Hapo nikaona elimu yangu isikae bure. "Injinia," nikamwambia, "huyu akitoka hapa, kule harusini si atakuwa anakuja?"

Akafikiri. Akavaa miwani, akavua, akavaa. "Hapo," akasema, "umeongea kitaalamu."

Wakakubaliana. Akasema mzigo upo, umelala tu stoo, na mwenyewe hana safari wiki hii.

"Mwenyewe nani?" Mama akauliza.

"Mwenyewe," akajibu Injinia, akautupia jicho ukuta wa Kasri, halafu akaangalia viatu vyake. Sisi tukadhani ni mfanyabiashara fulani. Tungejuaje?

*

Alhamisi lori likaja. Lami imekunjwa kama mikeka, mafundi wake wakaishusha wakaikunjua juu ya tope, tandii! Nyeusi tii! Na mstari mweupe katikati, na kivuko cha pundamilia sawasawa mbele ya banda letu la kuku. Nikasema kimoyomoyo, mbona nimeiona hii kwenye taarifa ya habari? Lakini nikajiambia, Salha, lami zote zinafanana, acha umbea.

Tatizo, ilikuwa ndefu kuliko ua. Toka jikoni, kwenye lile banda letu la nje linalopakana na baraza, ikapita mbele ya baraza, ikafika getini, bado imebaki.

"Kateni," Mama akasema.

"Haikatwi!" Injinia alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Kisu kikigusa hii, mama, tumekwisha wote, mpaka na jogoo!"

Basi ile ziada wakaiachia ipite getini, ivuke barabara, ikaenda ikakutana na lami ya ndani ya Kasri, chini ya lile geti la nyuma. Ikaungana nayo kama kanga na pindo lake. Injinia akarudi hatua akatazama. "Imependeza," akasema. Na kweli ilipendeza, ndiyo balaa lenyewe.

Bibi hakungoja mtu. Akaachia breki, akashuka barazani kwa kibao chetu cha kuteremkia, akateleza mpaka getini akarudi, kanga inapepea. "Kaa kushoto!" anamfokea jogoo. "Kushoto, wewe, huna leseni!" Akampita kwenye kona. Tangu avunjike nyonga sijamsikia akicheka vile. Mama aliingia ndani akajifanya anatafuta chumvi, kumbe anafuta macho.

*

Jumamosi. Mama yuko kwenye banda la jiko, anapika pilau la kupeleka harusini. Bibi kajifukiza udi mpaka nzi wamehama, doti mpya, kikapu chake cha usomo mapajani kimefunikwa na hairuhusiwi kuchungulia. Saa nane bajaji ije. Bi Shawana anatolewa alasiri, na bila somo hatolewi.

Mara geti linafunguliwa, Injinia huyo, mbio, hana kofia hata moja!

"Ikunjwe! Ikunjwe! Mwenyewe ana safari!"

"Nani ana safari?" nikauliza.

"Mtukufu! Kaamka tu, kasema anataka kwenda kufungua kitu! Stoo wamefungua, hamna lami! Jamani, nitanyongwa!"

Bibi akasukuma kiti mpaka katikati ya pundamilia, akavuta breki. "Haikunjwi. Natoka saa nane."

"Bibi, nakuomba kwa miguu yako, nitanyongwa!"

"Utanyongwa baada ya saa nane. Mimi nimesubiri lami hii kuliko huyo."

Hajamaliza, king'ora. Geti la nyuma la Kasri likafunguka. Sasa niwaambie kitu: madereva wa msafara hawapewi ramani, ramani ni siri ya nchi. Wanafuata lami. Na lami iliyokuwepo, siku ile, katika nchi nzima, ilikuwa inaingia kwetu.

Nilimvuta Bibi mpaka barazani, nusura tu! Likapita gari la king'ora likajibana kwenye banda la kuku. Likapita la Mtukufu, likaenda likaenda, mpaka pua ikagusa sufuria. Nyuma yake mawaziri, nyuma yao walinzi, gari la daktari, gari la maikrofoni, na mwisho kabisa lori la zulia. Ua ulijaa mpaka getini. Bajaji yetu ikatokea nje, ikapiga honi moja, ikaona, ikapotea.

"Sasa mimi napita wapi?" Bibi akauliza.

Hapo mlango wa lile gari jeusi ukafunguliwa, na Mtukufu akashuka.

*

Ni mfupi! Kwenye noti anaonekana mrefu. Zulia likaletwa kwa kupitishwa juu ya paa za magari, likatandikwa juu ya lami. Mkuu wa Itifaki, mtu mwembamba aliyevaa suti iliyomjaa kila mahali, akamnong'oneza Mtukufu. Safari ilikuwa ya siri, hivyo hata yeye hakujua walikuwa wanakwenda kufungua nini. Lakini mkasi walikuwa nao. Wakatazama huku na huku wakaona kamba yetu ya nguo. Mtukufu akaikata. Makofi! Sketi yangu ya ndani ikaangukia bega la Waziri wa Fedha, naye akaiacha pale pale kwa nidhamu.

"Ndugu wananchi!" Mtukufu akasema. Tulikuwa Mama, mimi, Bibi, na Injinia amejificha nyuma ya pipa. "Leo ni siku kubwa. Kiwanda hiki," akaonyesha sufuria, "ni matokeo ya fikra zangu. Moshi huu mnaouona ni moshi wa maendeleo. Walisema hatuwezi. Nani alisema?"

"Hatumjui, Mtukufu!" mawaziri wakajibu.

"Mtafuteni!" Akachota pilau kwa mwiko wa Mama, akaonja, akafumba macho. "Kiwanda kipanuliwe," akasema, akarudi garini. "Twende mbele."

Dereva akawasha gari. Mbele kulikuwa na ukuta wa chumba cha Bibi.

Waziri wa Barabara akashuka, akautazama ukuta, akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. "Mama, nyumba hii mmeijenga katikati ya barabara."

"Barabara imekuja Alhamisi!" Mama akafoka. "Nyumba kajenga baba yangu, wewe hujazaliwa!"

"Ndilo kosa lenyewe, mama. Mmeikalia barabara muda mrefu mno."

Na hapo hapo, jamani, kikatoka kopo la rangi, brashi, ukutani ikapigwa X nyekundu, kubwa, juu ya dirisha la Bibi. Rangi ikachuruzika mpaka kwenye mto wake. Tingatinga likaitwa. Litafika jioni, wakasema, msiwe na wasiwasi, serikali inajali muda wa wananchi.

"Jioni?" Bibi akasema. Sauti yake ilibadilika, sijawahi kuisikia hivyo. Nyumba kuwekewa X hakupepesa jicho. Lakini jioni! "Shawana anatolewa alasiri. Atakaa pale kajifunika, anasikiliza kiti changu, na mimi siji."

Mama akamshika bega. Mimi machozi yalianza kunilenga. Bibi akamtoa mkono Mama taratibu, akakohoa, akaliita lile gari kubwa jeusi kama anavyowaita watoto wa jirani:

"Mwanangu! Hebu njoo hapa."

Mkuu wa Itifaki alishika moyo. Walinzi wakashika mifuko. Mtukufu hajaitwa "hebu njoo" tangu mama yake afariki, nafikiri. Akashuka akaja, mbio mbio kidogo, mpaka barazani.

"Abee," akasema. Abee, jamani! Mwanamume mzima!

"Wanasema wewe hurudi nyuma."

"Kamwe."

"Mbele ni wapi?"

Mtukufu akamtazama Mkuu wa Itifaki. Mkuu wa Itifaki akajinyoosha. "Kwa mujibu wa katiba, mbele ni kule anakotazama Mtukufu."

"Basi mwanangu," Bibi akasema, "geuka."

Na Mtukufu akageuka. Akatazama getini.

Mliona lini baraza zima la mawaziri likikosa pumzi kwa pamoja? Mkuu wa Itifaki alifungua mdomo, akafunga, halafu nikaona uso wake unang'aa kama mtu aliyepata msamaha. Akarukia maikrofoni. "Inatangazwa kwamba mbele kumehamia getini! Walio nyuma wako mbele! Wanaosema vinginevyo wanarudisha taifa nyuma!"

Dereva wa lori la zulia, aliyekuwa wa mwisho maisha yake yote, akajikuta anaongoza msafara. Alilia. Mtukufu akapandishwa garini akakaa kwa magoti kwenye kiti cha nyuma, kidevu juu ya mgongo wa kiti, anatazama nje kwa kioo cha nyuma, maana huko ndiko mbele. Sasa gia za rivasi hamna. Mawaziri wakavua makoti, wakasukuma. Viatu vinavyong'aa vikateleza pembeni mwa lami, vikaingia kwenye tope la amani. Moja moja, magari yakatoka.

Nyuma yao Injinia akatoka nyuma ya pipa, akawaita mafundi wake waliokuwa nje, wakaanza kukunja lami haraka haraka toka jikoni.

"Wewe!" Bibi akamwita. "Usikunje nilipo. Natangulia mimi, wewe unakunja nyuma yangu."

"Ndiyo, Bibi."

"Mke mwenzangu, sukuma."

Nikasukuma! Getini dereva wa lori la zulia akauliza kwa maikrofoni, tunaelekea wapi, Mtukufu? Mawaziri wakatazamana. Safari ya siri, nani anajua?

"Kwa Bi Shawana!" Bibi akapaza sauti. "Mtaa wa chini, mlango wa kijani! Na msipige king'ora, mwari wangu ana presha!"

*

Tukatoka. Nje magari yakageuza, madereva wakapata kutazama wanakokwenda. Lakini Mtukufu alishatangaziwa mbele ni kioo cha nyuma, na hana ruhusa ya kugeuka tena. Basi akabaki vile vile, magoti kitini, kidevu kitini, anatutazama sisi. Mara ya kwanza katika uongozi wake wote anaona anakotoka.

Aliona Bibi kwenye kiti, mgongo umenyooka, kikapu mapajani. Aliniona mimi natoka jasho. Aliona mafundi nyuma yetu wanakunja lami na kukimbia nayo vichochoroni kwenda kuitandika mbele. Na nyuma ya mafundi, maana mtaa wa chini uko karibu na umenyooka toka kwetu, kupitia geti letu lililo wazi, aliona ua wetu vile ulivyo: tope, linang'aa na jua, limejaa nyayo za mawaziri.

Akashusha kioo.

"Simamisheni!" Msafara ukasimama. Akanyoosha kidole. "Kile nini?"

"Ni... tope, Mtukufu," Mkuu wa Itifaki akasema.

"Tope." Akalirudia kama jina la mgeni. "Limetandikwa vizuri. Nyororo. Halina hata tundu. Nani mkandarasi wake?"

Kila mtu akamtazama Injinia. Injinia akatazama mbingu.

"Nimeuliza, nani mkandarasi wake?"

"Wewe, mwanangu," Bibi akasema.

Jamani! Mpaka chemchemi ndani ya Kasri tukaisikia inavyomwaga. Bibi akaelekeza kidole kule kule inakosikika, halafu chini ya ukuta, halafu kwetu. Hakuongeza neno. Mtukufu akafuata kidole, juu, chini, kwetu. Akafungua mdomo kujibu.

Na hapo ndipo mlango wa kijani ukafunguka! Kumbe tumeshafika, hatukujua, na wanawake wa harusi wamemwona Bibi, vigelegele, lelemama, mtu hasikii hata anachofikiri! Kule ndani nikasikia Bi Shawana analia, "Amekuja! Si niliwaambia atakuja!" Bibi akanipiga kofi mkononi. "Sukuma, mke mwenzangu, nimechelewa." Akaingia. Kwa kiti chake. Mgongo umenyooka. Mlango ukafungwa, somo na mwari wake.

Nilipogeuka, lami imeshakunjwa.

Sasa Bibi yuko ndani na kurudi nyumbani hana njia, nyumbani kwenyewe kuna X, na Mtukufu yuko nje mkekani na sahani ya pilau letu alilokuja nalo Mama kichwani, hataki kuondoka, anasema lazima aongee na yule bibi. Alichojibu nilikisikia kwa sikio moja, lile lingine lilikuwa na vigelegele. Mama ananiita nirudishe sufuria nyumbani. Kesho, nikipata mtu wa kunisaidia kumtoa Bibi kule, nipitieni kwetu barazani kama bado ipo, nitawaambia alisema nini.